Kuchagua Shule ya Urubani Ukiwa Mombasa, na Kuipima Kazi Yenyewe Kabla ya Kulipa

Anayejiunga na shule ya urubani hununua saa za angani. Sare yenye mistari mabegani, picha za ndege kubwa zilizobandikwa ukutani na sherehe ya mahafali vyote ni nyongeza. Mwajiri atatazama leseni, daftari la saa za kuruka na uwezo wa mtu akiwa kwenye usukani. Kwa hiyo mzazi wa Changamwe, Likoni au Kisauni anayeombwa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya mwanawe ana swali moja la kutanguliza: fedha hizi zitageuka kuwa saa ngapi za kuruka, na baada ya muda gani? Familia nyingi huanzia mwisho, kwenye mshahara wa kapteni, ilhali hasara kubwa hutokea mapema, katika miezi ambayo mwanafunzi anakaa chini akisubiri ndege iliyoharibika, mkufunzi aliyehama au awamu ya karo ambayo haijapatikana.

Afya itangulie

Kabla ya kulipa hata ada ya usajili, kijana apimwe afya ya daraja la kwanza. Daraja la pili linamtosha rubani binafsi, na baadhi ya shule humshauri mwanafunzi aanze nalo kwa sababu ni rahisi na nafuu zaidi; ushauri huo haufai kwa anayelenga kazi, kwani unaahirisha habari ambayo ni heri kuisikia mapema. Anayepima ni daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, yaani KCAA, wala ripoti ya hospitali ya kawaida haikubaliki badala yake. Atapima macho, masikio, moyo, damu na mkojo, na atauliza historia ya magonjwa, hasa kifafa, kupoteza fahamu, kisukari na maradhi ya akili.

Miwani haimzuii mtu kuwa rubani. Kiwango cha kimataifa kinataka kila jicho lifikie 6/9, yaani lione kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida huona kwa mita 9, na macho mawili pamoja yafikie 6/6, iwe kwa miwani au bila miwani. Kinachowashtua wengi ni rangi. Kipimo cha Ishihara, chenye kurasa za vidoto vya rangi vinavyoficha tarakimu, huwafichua vijana, wavulana hasa, ambao wameishi miaka yote bila kujua kwamba nyekundu na kijani zinawachanganya, na rubani hawezi kuchanganya taa nyekundu ya bawa la kushoto na ya kijani ya bawa la kulia usiku ndege nyingine inapomjia. Anayeshindwa kipimo hicho aombe kupimwa kwa njia nyingine zinazokubalika, lakini asilipe karo hadi apate jibu la maandishi.

Cheti hicho si cha milele. Kwa rubani wa biashara aliye chini ya miaka 40 hudumu miezi 12, na umri ukiongezeka kipindi hufupishwa hadi miezi sita kwa baadhi ya kazi, kisha kwa kazi zote baada ya miaka 60. Maana yake ni kwamba rubani, tofauti na mwalimu au mhasibu, huomba upya idhini ya kufanya kazi yake kila mwaka wa maisha yake. Familia inayokopa kwa ajili ya mafunzo iweke jambo hili mezani tangu mwanzo, na kijana akishaajiriwa ajulishwe kwamba iko bima ya kupoteza leseni kwa sababu ya maradhi.

Ngazi za leseni

Kanuni za Kenya zimejengwa juu ya viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na viwango hivyo ndivyo vya chini kabisa. Leseni ya rubani binafsi hutaka umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 ikiwa mafunzo yote yamefanyika ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Wanafunzi wengi hupitisha idadi hiyo, na shule inayokuuzia bei ya saa 40 kana kwamba kila mtu humaliza hapo haijakupa bei ya kweli.

Leseni ya rubani wa biashara hutaka miaka 18 na saa 200, au 150 ndani ya kozi iliyoidhinishwa, na ndani ya saa hizo kuna masharti ambayo mzazi anapaswa kuyajua ili aweze kusoma daftari la mwanawe. Saa 100, au 70 kwa kozi iliyoidhinishwa, ziwe za mwanafunzi mwenyewe akiwa rubani mkuu wa ndege. Kuwe pia na saa 20 za safari za masafa, mojawapo ikiwa ya kilomita 540 au zaidi yenye kutua na kusimama katika viwanja viwili tofauti. Mzunguko wa Mombasa, Malindi, Lamu na kurudi Mombasa, ambao kwa mkaazi wa Pwani unaonekana mrefu, ni karibu kilomita 490 tu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hautoshi. Itabidi safari ipangwe upya na mafuta yahesabiwe upya. Shule nzuri itakuonyesha mpango huo kwenye ramani kabla hujauliza.

Juu ya leseni hiyo huongezwa idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo badala ya kuona nje, yenye saa zisizopungua 40 za kuruka kwa vyombo, sehemu yake ikikubaliwa kwenye simuleta, yaani mashine ya kuigiza kuruka, na idhini ya ndege za injini mbili. Kiingereza cha redio nacho hupimwa; kiwango cha 4 ndicho cha chini, na anayekipata hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu. Leseni ya juu kabisa, ya rubani wa mashirika ya ndege, hutaka miaka 21 na saa 1,500.

Hapa vijana wengi wanaotazama video za Marekani hupotoka. Huko, tangu 2013, hata rubani msaidizi wa shirika la abiria hutakiwa kuwa na saa 1,500 kwa kawaida, kwa sababu ya sheria iliyotungwa baada ya ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo mnamo Februari 2009. Kwa mujibu wa viwango vya ICAO rubani msaidizi anaweza kuajiriwa akiwa na leseni ya biashara, idhini ya vyombo na idhini ya aina ya ndege anayoirusha. Sheria inamruhusu, lakini ruhusa si ajira, na pengo kati ya hayo mawili ndilo linalomaliza akiba za watu. Nitalirudia hapo chini.

Kuikagua shule kwa macho yako

Anza na karatasi. Shule iwe na cheti cha KCAA cha taasisi ya mafunzo iliyoidhinishwa, kisichopitwa na wakati, na ukisome chote, kwa sababu cheti hutaja kozi zilizoruhusiwa. Shule inaweza kuwa na idhini ya kufundisha leseni ya rubani binafsi bila kuwa na idhini ya kufundisha kuruka kwa vyombo. Usiridhike na nakala iliyotundikwa kwenye fremu. Iandikie mamlaka yenyewe au fika ofisini kwao uulize.

Kisha nenda ukaione shule siku ya kazi, asubuhi, bila miadi kama inawezekana, na usiishie ofisi ya mapokezi. Omba kufika kwenye hanga, yaani banda la ndege, na maegesho. Shule ikikuambia ina ndege sita, zihesabu, na kwa kila moja tazama magurudumu, propela na vioo. Ndege inayoruka kila siku huwa na alama mbichi za mafuta chini ya injini, vidudu vilivyopondeka kwenye kingo za mbele za mabawa, na mkanda wa kiti uliolainika kwa kushikwa. Ndege iliyolala miezi huwa na tairi iliyobonyea upande mmoja, vumbi lililoshikamana chini ya turubai, na pengine tundu mahali palipokuwa na chombo fulani, kwa kuwa kimeng'olewa kikafungwa kwenye ndege nyingine. Shule yenye ndege sita zilizoegeshwa na mbili zinazoruka ni shule ya ndege mbili.

Idadi hiyo ina uzito kwa sababu ya matengenezo. Ndege za mafunzo, ambazo kwa kawaida ni Cessna 152 na 172 au Piper, hukaguliwa na mafundi kila baada ya saa 100, na kazi ndogo kama kubadilisha oili hufanywa mapema zaidi, kwa kawaida kila saa 50. Ndege ikiruka saa 60 kwa mwezi, ukaguzi mkubwa utafika kabla ya miezi miwili kwisha. Injini nyingi za Lycoming zinazofungwa kwenye Cessna 172 hupendekezwa kufumuliwa zikifika saa 2,000, na kazi hiyo huiweka ndege chini kwa wiki nyingi. Ulizeni basi: nani fundi wenu, ni waajiriwa wa shule au wa kukodi, ndege ipi inakaribia saa zake, na ikiingia hanga mwanafunzi wake ataruka na ipi? Meneja anayejua shule yake atajibu kwa kutaja namba ya usajili wa kila ndege. Uliza pia kuhusu mafuta, kwani ndege hizi ndogo hutumia petroli maalumu ya avgasi, si Jet A-1 inayotumiwa na ndege kubwa, na soko la avgasi ni dogo. Ikikosekana, kila kitu husimama.

Baada ya hapo zungumza na wanafunzi, mbali na masikio ya ofisi. Swali lenye faida kuliko yote ni fupi: «Samahani kaka, tangu uanze ni miezi mingapi, na umeruka saa ngapi?» Gawanya saa kwa miezi. Mwanafunzi mwenye karo iliyolipwa, anayeruka chini ya saa nne au tano kwa mwezi, anasahau karibu kila anachojifunza, na sehemu ya kila somo jipya huliwa na marudio ya somo lililopita. Waulize watatu au wanne, kwa sababu mmoja huenda amekwama kwa ajili ya fedha zake mwenyewe. Uliza vilevile wamebadilishiwa wakufunzi mara ngapi. Wakufunzi wengi ni vijana wanaojazia saa ili waende mashirika makubwa, na hilo si kosa lao, lakini shule isiyo na mkufunzi hata mmoja mzee wa kazi, aliyekaa na kuona misimu yote, haina mtu wa kuwaambia wale vijana kwamba leo haturuki.

Usalama hauulizwi kwa swali la «je, mko salama?» Uliza ni nini kilichofanyika mara ya mwisho mwanafunzi alipotua vibaya, nani aliandika taarifa, na taarifa hiyo iko wapi. Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imetoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, kuja Diani iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi ikatua, na watu wawili waliokuwa ndani ya Cessna, mkufunzi na mwanafunzi, walifariki. Shule yoyote inayorusha wanafunzi katika anga hiyo inapaswa kuweza kueleza jinsi inavyowafundisha kusikiliza redio, kutazama nje na kushika njia na kimo walichopewa. Ikilichukulia swali hilo kuwa ni utovu wa adabu, ondoka.

Mwisho wa ukaguzi ni mkataba. Fahamu saa inavyohesabiwa: kuna shule zinazotoza tangu injini inapowaka hadi inapozimwa, na kuna zinazotoza kwa mita nyingine inayokwenda polepole injini inapozunguka kidogo. Bei ya saa ikionekana nafuu, uliza inajumuisha nini, kwani mafuta, mkufunzi, ada za kutua na bima vinaweza kutajwa kila kimoja peke yake. Uliza mwanafunzi akiharibu ndege atalipa kiasi gani kabla ya bima kushika. Na fedha zinazobaki mwanafunzi akihama zirudishwe kwa masharti gani na kwa siku ngapi. Jibu hilo liandikwe, lisiwe la mdomo.

Pwani, Nairobi au ng'ambo

Mafunzo mengi ya urubani nchini yako Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, na kijana wa Mombasa hana budi kulinganisha anga mbili zilizo tofauti sana. Wilson uko futi zipatazo 5,500 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa, pale Port Reitz, uko futi 200 hivi. Injini ndogo isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000, kwa hiyo Cessna ile ile ikiwa Wilson huhitaji njia ndefu zaidi kuondoka ardhini na hupanda kwa uvivu. Mwanafunzi wa Nairobi hujifunza tangu siku ya kwanza kuvuta kile kifundo chekundu cha kupunguza mafuta ili injini ipate mchanganyiko sahihi, tena akiwa bado ardhini. Aliyesomea Pwani asipofundishwa hivyo, atakutana nayo ghafla kwenye kiwanja cha murram cha Maasai Mara akiwa na abiria nyuma yake. Kwa kuwa kazi nyingi za kwanza za marubani wa Kenya ziko huko bara, hili si jambo la kupuuza.

Pwani nayo ina somo lake, nalo ni upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huvuma karibu na uelekeo wa njia kuu ya kurukia ya Moi, ile ya 03 inayoelekea upande wa kaskazini-mashariki. Kusi ikishika kuanzia Aprili, upepo hutoka kusini na kusini-mashariki na kuipiga ndege ubavuni, na upepo wa baharini wa alasiri huongeza nguvu. Kitabu cha Cessna 172 hutaja noti 15 (kilomita 28 hivi kwa saa) za upepo wa ubavuni kuwa ndizo zilizothibitishwa katika majaribio, na mwanafunzi aliyefunzwa kutua katika kusi kwa usukani na miguu yake mwenyewe ana jambo ambalo haliwezi kuigizwa kwenye simuleta. Kinachopoteza siku ni mvua za masika huku kwetu, na mawingu ya chini ya asubuhi kule Nairobi katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti. Wilson ina msongamano pia. Muda wa kusubiri kwenye foleni nyuma ya ndege za safari, propela ikizunguka, huingia daftarini kihalali, kwani muda wa safari huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kwa ajili ya kuruka, ila mwanafunzi hajifunzi kitu katika dakika hizo na anazilipia.

Maoni yangu ni haya: ukipata shule iliyoidhinishwa yenye kituo Pwani, iwe Moi, Ukunda au Malindi, inayoruka kwa uhakika, fanyia huko leseni ya rubani binafsi, ukilala kwenu na kula kwenu, kisha kamilisha leseni ya biashara na idhini ya vyombo bara. Usipoipata, nenda Wilson moja kwa moja, wala usikubali kituo kisicho na ndege ya kudumu kwa sababu tu kiko karibu na nyumbani.

Ng'ambo kuna Afrika Kusini, Ethiopia, Marekani, na kwa jirani zetu kuna chuo cha Soroti nchini Uganda kilichoanzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1971. Hali ya hewa ya baadhi ya nchi hizo, na wingi wa ndege zao, vinaweza kufupisha mafunzo. Lakini karo hulipwa kwa fedha za kigeni, visa ya Marekani kwa mafunzo haya ni ile ya M-1 ambayo haikusudiwi kumfungulia mtu ajira huko, na ukirudi utabadilisha leseni yako kwa KCAA kwa mitihani na majaribio mengine yenye gharama zake. Wakala anayekuambia kwamba leseni ya kigeni inatumika hapa siku unayoshuka kwenye ndege hasemi kweli.

Hesabu ya fedha na ya muda

Bei hubadilika, kwa hiyo nitatoa mfano wa kupigia hesabu tu. Tuseme wastani wa saa moja, ukichanganya ndege ndogo, ya injini mbili na simuleta, ni shilingi 20,000. Saa 200 ni shilingi milioni nne, na bado hujaweka darasa, mitihani, vipimo vya afya, vitabu na kifaa cha masikioni. Mwanafunzi anayeruka saa mbili kwa wiki bila kukosa hupata saa 104 kwa mwaka, yaani atahitaji karibu miaka miwili. Anayeruka saa moja kwa wiki atahitaji karibu minne. Ikiwa amepanga chumba South C au Lang'ata kwa shilingi 15,000 kwa mwezi, miaka miwili ya ziada ni shilingi 360,000 za kodi pekee, bila chakula, bila nauli ya treni ya kutoka Miritini kila likizo, na bila masomo ya kurudia. Ndiyo maana bei ya saa iliyo juu kidogo kwenye shule inayoruka kila siku huishia kuwa rahisi zaidi.

Kuhusu hati ya shamba la Kilifi au nyumba ya familia, nasema wazi: isiwekwe rehani kwa mafunzo haya. Biashara hukopeshwa kwa sababu huanza kurudisha mapema. Rubani mpya anaweza kukaa mwaka na zaidi bila mshahara wowote baada ya leseni, na benki haitasubiri.

Kazi yenyewe

Sasa lile pengo. Kijana mwenye saa 200 hushindana na wenzake wengi wenye saa kama zake, na mashirika mengi yanataka zaidi. Njia za kawaida ni kusomea ukufunzi na kufundisha, au kuingia kampuni ndogo kama rubani msaidizi wa Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba watalii, mizigo na misaada hadi Sudan Kusini na Somalia. Hizo ni kazi za heshima na ndizo zinazomkomaza rubani. Anayezidharau kwa kungoja Boeing atangoja akiwa amekaa. Baadhi ya kampuni humlipia mtu idhini ya aina ya ndege na kumfunga kwa mkataba wa miaka, na nyingine humtaka ajilipie. Anayekuomba fedha ili «akuwekee nafasi» hauzi kazi, na huyo asipewe chochote.

Shirika kubwa nalo si bandari isiyo na mawimbi. Machi 2020 safari za kimataifa za abiria nchini zilisimamishwa kwa ajili ya korona na hazikurejea hadi Agosti 1. Marubani duniani kote walipunguziwa mishahara au kuachishwa kazi. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma wakidai, pamoja na mengine, michango ya mfuko wao wa akiba na mishahara iliyocheleweshwa wakati wa janga hilo. Hayo hayamaanishi kwamba kazi haifai. Yanamaanisha kwamba rubani mwenye busara huishi chini ya mshahara wake na ana ujuzi mwingine wa kumlisha.

Maisha yake ya kila siku yana utaratibu mkali: kuamka saa tisa usiku, kulala katika miji ya watu, kukosa Idi, Krismasi na maziko, na kuingia simuleta mara kwa mara kupimwa upya hata baada ya miaka 20 ya kazi. Umri wa mwisho katika usafiri wa abiria wa kimataifa ni miaka 65. Kwa mwanafunzi anayefunga Ramadhani, azungumze na mkufunzi wake mapema. Kiu na upungufu wa sukari mwilini hupunguza umakini, na kupanga masomo asubuhi baada ya daku, au kuhamishia wiki kadhaa kwenye nadharia, ni jambo ambalo shule yoyote ya Pwani inapaswa kulipokea kwa heshima.

Mabinti nao wasiambiwe kwamba kazi hii ni ya wanaume. Kapteni Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways ndiye mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata ukapteni wa Boeing 787, na vipimo alivyopita ni vile vile vinavyomngoja kijana yeyote.

Kuna vilevile anayependa ndege lakini hapendi maisha hayo, au hakupita kipimo cha rangi. Chuo cha usafiri wa anga kilicho chini ya KCAA, pale Embakasi, hufundisha waongozaji ndege, ingawa hao nao hupimwa rangi, na kazi nyingine za anga, na ufundi wa ndege ni taaluma yenye leseni yake. Fundi hodari aghalabu hupata kazi mapema kuliko rubani wa saa 200.

Kulipa kwa vituo

Karo isilipwe yote kwa pamoja, hata ikipunguzwa bei. Shule zimewahi kufungwa zikiwa na fedha za watu, na ndege zimewahi kusimamishwa kwa amri ya mamlaka katikati ya muhula. Lipia saa tano au kumi, zirushwe, kisha ulipie nyingine, na kila mara mwanafunzi apige picha ya kurasa za daftari lake zilizotiwa saini, akazihifadhi mbali na shule.

Kituo cha kwanza ni cheti cha afya. Cha pili ni safari moja ya kujaribu, ambapo kijana anakaa kiti cha kushoto na mkufunzi kulia. Mzazi abaki chini, kisha amuulize mwanawe siku ya pili, furaha ikishatulia, aliona nini na nini kilimchosha. Cha tatu ni saa kumi za mwanzo, zikifuatiwa na kikao cha watu watatu, mkufunzi, mwanafunzi na mzazi, ambapo mkufunzi aulizwe bila kuzungukwa: «Mwalimu, huyu mwanangu anaelekea wapi?» Cha nne ni siku anayoruka peke yake. Cha tano ni leseni ya rubani binafsi, na hapo ndipo familia ihesabu upya akiba yake kabla ya kuingia leseni ya biashara. Ikibidi kusimama mwaka mmoja ili fedha zipatikane, mwanafunzi atumie muda huo kusoma nadharia ya leseni inayofuata, na ajitahidi kuruka kidogo kidogo, kwa sababu kanuni haimruhusu kubeba abiria asipokuwa ameruka na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita, na mkono wa rubani mchanga hupoteza wepesi wake mapema kuliko siku hizo.